Ndege wa Uwani Siku za Baridi: Kuwalisha ni Amana

Wahenga walinena, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni kweli tupu, wala mimi simo katika kuwapinga wahenga. Lakini kuna jambo moja la kuongeza: kutoa kwataka moyo, na kwataka pia kujua. Mwenye kutoa asijue anachokitoa, wala jinsi ya kukitoa, aweza kumdhuru yule yule aliyekusudia kumfaa. Habari nikuleteayo leo, msomaji mpenzi, ni ya Waingereza na sadaka yao kwa viumbe wadogo wenye mbawa wakati wa baridi. Ni habari yenye kupendeza, ina msiba ndani yake, na ina mafunzo ambayo sisi watu wa pwani twaweza kuyatia kapuni.

Nilikaa London kwa majuma sita, mwezi wa Desemba na nusu ya Januari, nyumbani kwa mpwa wangu aliyeolewa huko. Nyumba za mtaa ule zimebanana ukuta kwa ukuta kama nyumba za Mji wa Kale wetu, ila kila moja ina kiuga chake kwa nyuma, chenye nyasi na mti mmoja au miwili. Nilipotazama dirishani niliona kuwa karibu kila kiuga kina mlingoti mfupi wa chuma, na juu yake pametundikwa mirija yenye mbegu, vikapu vya waya vyenye njugu, na hata vifuu vya nazi vikining'inia kwa kamba.

"Nazi nazo zafanya nini nje kwenye theluji?" nikamwuliza mpwa wangu. "Hawa wenzetu wana uganga?"

Akacheka. "Si uganga, Mjomba. Kile kifuu kimejazwa shahamu na mbegu. Ni chakula cha ndege. Huku baridi ikiingia, ndege hutunzwa na mtaa mzima kama mayatima."

Jirani yao wa mkono wa kulia ni bibi wa Kiingereza aliyepita miaka themanini, na kazi hiyo ameifanya tangu ujana wake. Siku alipoona napenda kujua, alinikaribisha kiugani kwake, nami nikaenda na daftari langu. Mengi ya haya nitakayoyasema kuhusu kazi ya mikono nimeyapata kwake. Na mengine ni ya wataalamu, ambayo yamekwisha kuchapishwa na kujulikana.

USIKU WA SAA KUMI NA SITA

Kwanza tuelewe shida yenyewe. Sisi tulio karibu na mstari wa ikweta, mchana na usiku wetu ni pacha. Hatujui mchana wa kupunguka wala usiku wa kurefuka ila kwa dakika chache. London katikati ya Desemba jua hutoka ikaribia saa mbili za asubuhi au imekwisha kupita, na hutua kabla ya saa kumi za jioni. Nasema saa kumi! Wakati ambao Mombasa watu ndio kwanza watoka msikitini kuswali Alasiri, kule Maghribi imekwisha kuadhiniwa. Mchana haufiki saa nane, na usiku ni saa kumi na sita na zaidi.

Mtu hufunga dirisha, akawasha moto, akajifunika mfarishi. Ndege je? Chukua mfano wa ndege mmoja mdogo apatikanaye katika viuga vyote vya Uingereza, mwenye utosi wa buluu na kifua cha manjano. Uzito wake ni kama gramu 11, yaani vijiko vitatu vya chai vya sukari, basi. Katika mwili huo mdogo lazima aweke moto wa nyuzijoto 40 na kitu usiku kucha, ilhali nje maji yageuka barafu. Hututumua manyoya yake akawa kama tufe, ili hewa iliyo kati ya manyoya imkinge kama vile pamba ya godoro. Lakini moto huo wataka kuni, na kuni zake ni shahamu aliyoipata mchana ule ule. Usiku mmoja wa baridi kali waweza kumpunguzia sehemu ya ishirini ya uzito wake au zaidi. Akiamka asubuhi amekonda, na asipokula upesi, usiku wa pili hautamkuta.

Wataalamu wakadiria kwamba ndege kama huyo, wakati wa baridi, ahitaji kula kila siku chakula kipatacho asilimia 30 ya uzito wake. Tupige hesabu yetu: ingekuwa ni mtu wa kilo 70, angepaswa kula kilo 21 kila siku, tena katika saa nane tu. Na atakipata wapi? Wadudu wamekufa au wamejificha ndani ya magome ya miti. Ardhi imeganda ikawa ngumu kama saruji, mnyoo hachimbuliki. Matunda ya vichakani yamekwisha kuliwa tangu Desemba. Theluji ikianguka, hata mbegu zilizodondoka chini hufunikwa zisionekane.

Waingereza hawajasahau baridi ya mwaka 1962 kuingia 1963. Theluji ilianza kuanguka siku ya pili baada ya Krismasi, na nchi haikufunguka mpaka Machi. Mwezi wa Januari 1963 maziwa na mito iliganda, na hata bahari iliganda mahali mahali penye kina kifupi. Wajuzi wa hali ya hewa walisema haikupata kuonekana baridi kama ile tangu mwaka 1740. Kuna kijindege cha rangi ya kahawia, chenye mkia uliosimama juu na sauti kubwa kuliko mwili wake, kisichofika hata gramu 10. Baada ya baridi ile, walipohesabiwa, karibu wanane katika kila kumi walikuwa wametoweka.

Kijindege hicho, ambacho mchana ni mgomvi asiyetaka jirani, usiku wa baridi husahau ugomvi wake. Hukusanyika na wenziwe katika tundu moja, wakajipanga vichwa ndani mikia nje, wapeane joto. Mwaka 1969, huko Norfolk, walihesabiwa 61 ndani ya sanduku moja la kiota. Basi dhiki hupatanisha hata ndege.

DESTURI ILIKOANZIA

Nilidhani kulisha ndege ni desturi ya kale sana ya watu hao. Kumbe kwa wengi wao haina umri mkubwa. Katika baridi kali ya mwaka 1890 kuingia 1891 magazeti ya Uingereza ndiyo yaliyowaomba watu wawatupie ndege makombo. Miaka hiyo hiyo, mwaka 1889, mwanamke mmoja wa Manchester, Emily Williamson, alianzisha chama cha kupinga kuuawa kwa ndege kwa ajili ya manyoya ya kupambia kofia za mabibi wakubwa. Chama hicho kilikua, kikapewa hati ya kifalme mwaka 1904, na leo ndicho Chama cha Kifalme cha Kulinda Ndege. Kufika mwaka 1910 gazeti la mzaha la Punch liliandika kwamba kulisha ndege kumekuwa ni mchezo wa taifa zima.

Leo karibu nusu ya nyumba za Uingereza huwalisha ndege, na fedha zitumikazo kwa chakula chao zimekadiriwa kuwa pauni milioni 200 hadi 300 kwa mwaka. Tena wana siku yao maalumu. Kila mwisho wa Januari, kwa siku chache, watu hukaa saa moja dirishani wakahesabu ndege watuao viugani mwao, kisha wakapeleka hesabu kwa chama. Shughuli hii ilianza mwaka 1979 kama mchezo wa watoto. Sasa washiriki hupita nusu milioni. Na kutokana na hesabu hizo za watoto na wazee imejulikana mengi. Shomoro, ambaye sisi twamwita pia jurawa, bado ndiye wa kwanza kwa wingi, lakini aonekanao leo kiugani hawafiki nusu ya wale waliohesabiwa mwaka ule wa kwanza.

CHAKULA KIPI?

Mwenye kutaka ndege waje hamwiti kwa kelele, humwekea akipendacho. Bibi jirani alinieleza kwa utaratibu, kama mwalimu wa chuo anavyomsomesha mtoto alifu kwa ujiti.

Mbegu za alizeti ndizo sultani wa vyakula, hasa zile zenye ganda jeusi, kwa kuwa zina mafuta mengi na ganda lake ni jepesi kupasuka. Njugu nazo zina nguvu, lakini zisiwe na chumvi, wala zisikaangwe. Na ziwekwe ndani ya kikapu cha waya ili ndege adonoe vipande vidogo vidogo asije akasakamwa. Tena zisiwe zenye kuvu. Njugu zilizolala mahali penye unyevu hutoa sumu ya aflatoksini, ile ile iliyokuwamo katika mahindi yaliyoua watu 125 Ukambani na jirani zake mwaka 2004. Iuayo mtu kwa gunia, ndege humuua kwa punje chache.

Shahamu ya ng'ombe, ile ya kuzunguka figo, huyeyushwa, ikachanganywa na mbegu na shayiri, kisha ikamiminwa ndani ya kifuu cha nazi na kuachwa igande. Mpwa wangu hununua yake kwa muuza nyama ya halali wa mtaani, naye humpa kwa bei ya kutupa, kwa kuwa wanunuzi wengine hawaitaki. Tofaa lililoanza kulegea hukatwa vipande viwili likawekwa chini kwa ajili ya yule ndege mweusi mwenye mdomo wa manjano. Jibini ya kukwaruza hupendwa na robini, yule wa kifua chekundu. Hata wali wafaa, uliochemshwa bila ya chumvi. Pilau na biriani tujiwekee wenyewe.

Kisha kuna visivyofaa. Mkate si sumu, lakini humjaza ndege tumbo bila ya kumpa nguvu, na mwenye saa nane za kula hana nafasi ya kupoteza kwa chakula kitupu. Maziwa hayawezi kuyasaga tumboni mwake. Mafuta yaliyobaki kwenye kikaango yana chumvi, nayo hunata katika manyoya yakamwondolea kinga yake ya baridi. Na hapa watu wa pwani tutege masikio: machicha ya nazi yaliyokaushwa hayapewi ndege kamwe, kwani akiyala makavu hufura tumboni mwake akafa. Nazi mbichi ndani ya kifuu chake haina neno.

MAJI NA MALAZI

Watu wengi hudhani ndege wa baridi hana haja ya maji, kwa kuwa theluji imemzunguka. Sivyo. Kula theluji ni kuingiza baridi tumboni na kuuzima moto ule ule anaoupigania. Tena ndege hana budi kuoga hata katika baridi, kwa kuwa manyoya machafu hayatutumki yakashika hewa. Basi bibi jirani ana sinia pana la udongo, kina chake hakipiti vidole vitatu, na kila asubuhi hulivunja barafu na kulitia maji mapya. Ametia na mpira mdogo uelee juu. Upepo ukiusukuma, maji huchelewa kuganda. Chumvi hatii, wala dawa ya kuzuia kuganda itumikayo katika magari, kwani hiyo ni sumu.

Malazi nayo ni sadaka. Sanduku la mbao lililotundikwa mtini kwa ajili ya mayai ya majira ya kuchipua huwa ni chumba cha kulala majira ya baridi. Tundu lake lina kipimo: milimita 25 kwa yule mdogo wa buluu, 32 kwa shomoro. Likiwa kubwa kuliko hapo, adui ataingia. Mlango wake huelekezwa baina ya kaskazini na mashariki, usipigwe na mvua za upepo.

Ama kuhusu adui, bibi ana paka wawili, nao ampenda kila mmoja kwa jina lake. Kwa hiyo mlingoti wa chakula ameusimamisha hatua mbili tatu kutoka kichakani: si karibu mno paka akajificha na kurukia, wala si mbali mno ndege akakosa pa kukimbilia kipanga akitokea. Paka wenyewe wamevishwa kengele shingoni, na saa ya asubuhi na ile ya kukaribia magharibi, ambazo ndizo saa za ndege kula kwa pupa, hufungiwa ndani.

CHOMBO KIKAWA JENEZA

Sasa nafika kwenye kiini cha habari. Asubuhi moja bibi alinionyesha ndege aliyetua pembeni ya mlingoti wa jirani wa pili. Alikuwa ni chiriku wa kijani, manyoya yametutumka ingawa siku ile jua liliwaka, macho nusu yamefumba, mdomo umelowa na punje zimegandamana nao. Alidonoa mbegu, akaigeuzageuza, akaiangusha. Akadonoa nyingine, akaiangusha. Nikadhani ni mzee.

"Si uzee huo," bibi akaniambia, na mpwa wangu akanifasiria neno moja ambalo sikulishika. "Koo lake limeziba. Ataona chakula, hatakimeza, mpaka afe. Na kila punje aliyoiangusha ina mate yake, atakayeiokota ataambukizwa."

Ugonjwa huo waitwa trikomonosi. Waletwa na kijidudu cha chembe moja kisichoonekana kwa macho, ambacho toka zamani kilijulikana kwa njiwa. Njiwa huwalisha makinda yao mdomo kwa mdomo, na huko ndiko kilikopitia. Mwaka 2005 kikaonekana kwa chiriku wa Uingereza, na mwaka uliofuata kikawa tauni. Zaidi ya ndege nusu milioni waliangamia katika miaka michache. Chiriku wa kijani, ambaye alikuwa ndege wa kawaida kama kunguru wa Mombasa, alipungua hata mwezi wa Desemba 2021 akaingizwa katika orodha nyekundu ya ndege walio hatarini zaidi nchini humo, idadi yake ikiwa imeshuka kwa asilimia 62 tangu mwaka 1993. Jamaa yake mwenye kifua cha rangi ya waridi naye amepungua kwa sababu hiyo hiyo.

Tuulize: ndege hao walikutana wapi? Porini kila mmoja hula mti wake na kichaka chake. Walikutana mezani. Walikutana pale mtu mwenye huruma alipoweka meza bapa, akamwaga mbegu, kesho akamwaga nyingine juu ya zile za jana zilizolowa, na njiwa na chiriku na shomoro wakala chombo kimoja wakanywa sinia moja. Kijidudu hicho hakiwezi kukaa mahali pakavu; unyevu ndio uhai wake. Meza ile iliyojaa makapi machafu ilikuwa ni kitanda chake. Watu walitoa kwa moyo safi na chombo kichafu, na chombo ndicho kilichoshinda.

Jambo hili lilizingatiwa sana hata mwaka 2025 kile Chama cha Kifalme chenyewe, ambacho hupata fedha kwa kuuza vyombo vya ndege, kikaacha kuuza meza za bapa. Maana ni watu wachache wapendao kuambiwa kwamba sadaka yao ina kasoro, na ni wachache zaidi wakubalio kupoteza biashara kwa kuwaambia.

Siku ile bibi hakungoja. Alitundua vyote: mirija, vikapu, vifuu. Akamwaga maji ya sinia. Akavaa mipira ya mikono, akavisugua vyombo nje, si katika birika la jikoni, kwa brashi isiyotumika kwa kazi nyingine, akavitia dawa ya kuua vijidudu, akavisuuza, akaviacha vikauke kabisa. Kisha akaenda kubisha kwa jirani wa pili, naye akatundua vyake. Kwa majuma mawili kiuga kilikuwa kitupu. Nilimwuliza kama haoni huruma, na huku theluji yakaribia. Akanijibu kwamba huruma ndiyo hiyo: wakikosa chakula hapa watatawanyika, na wakitawanyika hawaambukizani.

Kanuni zake kwa siku za kawaida ni nyepesi kukumbuka. Weka kidogo, kitakachokwisha siku ile ile. Osha kila juma. Badilisha maji kila siku. Hamisha mlingoti mahali pengine mara kwa mara, ili uchafu usirundikane chini. Ukimaliza, nawa mikono.

MGENI ALIYEPOTOA NJIA

Kulisha ndege kuna athari nyingine isiyo ya ugonjwa. Kuna ndege mdogo wa kijivu, dume lake limevaa kofia nyeusi tii, jike kofia ya kahawia. Wa nchi za Ujerumani na Austria, tangu enzi na enzi, walikuwa wakihama baridi kwa kwenda kusini magharibi, Hispania na nchi za Bahari ya Kati. Kuanzia miaka ya 1960 wakaanza kuonekana kwa wingi Uingereza katikati ya baridi. Kilichowaleta ni baridi iliyopungua makali, pamoja na vile vifuu vya shahamu. Badala ya kwenda kusini, baadhi yao sasa hugeukia kaskazini magharibi!

Mtaalamu wa Kijerumani Peter Berthold na wenzake walionyesha mwaka 1992 kwamba mwelekeo huo mpya wa safari hurithiwa: makinda waliozaliwa na wazazi waendao Uingereza, bila ya kufundishwa na mtu, nao huelekea huko. Na kwa kuwa safari yao ni fupi, hurudi mapema kwao, wakaoana wenyewe kwa wenyewe. Mbawa zao zimeanza kuwa za mviringo zaidi kuliko za wale wa safari ndefu, na midomo yao ni myembamba zaidi. Yote hayo kwa umri wa mtu mmoja. Mkono wa bibi kizee ukimwaga punje kiugani mwake umepindua njia ya ndege avukaye bara zima. Hilo halina ubaya wala uzuri wa kuhukumiwa upesi; lakini lapaswa kumfanya mwenye kumwaga ajue kuwa afanyalo si dogo.

NA SISI JE?

Utasema, haya ni ya watu wa theluji, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu. Sisi nasi twawalisha ndege, ila hatujui kuwa twawalisha. Kunguru wa Bara Hindi, yule wa shingo ya kijivu, aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili ale takataka. Mwaka 1947 alikuwa amekwisha kuonekana Mombasa. Tangu hapo tumemwekea meza bapa kila siku bila ya likizo: majaa yasiyozolewa, matumbo ya samaki yaliyotupwa ufukoni, mabaki ya karamu kandokando ya njia. Amezaana kwa riziki hiyo, akala mayai na makinda ya ndege wetu wadogo. Mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Lakini sumu peke yake haitamaliza kazi, maadamu meza i pale pale. Bibi wa London alitundua chombo kwanza.

Ama kwa ndege wanaostahiki wema wetu, baridi hatuna, lakini tuna kaskazi. Januari na Februari, jua likiwa kali, visima vikishuka na mvua haijaja, chozi na jurawa na tetere hutwetea kivulini midomo wazi. Nao wana wageni: mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia wamo angani mwetu mpaka Aprili. Hawa wetu hawahitaji shahamu wala alizeti. Wahitaji maji, na mti. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba apandaye mti akala ndege katika matunda yake huandikiwa sadaka. Na mti una fadhila moja juu ya meza, kwamba hula kila ndege kwenye tawi lake, wala hapana chombo cha kuoshwa. Mwenye kiuga apande mkunazi au mzambarau. Asiye na kiuga, na ana sakafu ya juu, aweke kigae cha maji chini ya kivuli, kina chake vidole vitatu, mbali na njia ya paka.

Maji hayo yamwagwe kila jioni, kigae kisuguliwe, yatiwe mapya alfajiri. Ukiyaacha siku nyingi yataota ukungu, ndege watapeana maradhi, na mbu watazaa humo wakuume wewe na wanao. Ukiona huna nafasi ya kukiosha, usikiweke.